Nilivyoacha kukariri jedwali la bondi na sifa za vitu

Kama umesoma kemia, jedwali hilo unalijua: aina ya bondi (namna atomi zinavyoshikana) upande mmoja, kisha kiwango cha kuyeyuka, ugumu, kupitisha umeme. Nililikariri kwa ajili ya mtihani, na mtihani ulipokwisha nalo likaenda zake.

Kilichonitoa hapo ni swali moja nililoanza kukiuliza kila kitu: ili hiki kiyeyuke au kivunjike, ni nini hasa kinachopaswa kuachia?

Nililijaribu kwanza kwa CO₂ na SiO₂. Kaboni na silikoni ziko kundi moja, na fomula zinafanana kabisa. Lakini barafu kavu, yaani CO₂ iliyogandishwa, hugeuka gesi kwenye nyuzi −78 za Selsiasi, wakati silika, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga mwingi, haiyeyuki mpaka upite nyuzi 1,700. Kwenye barafu kavu, kinachoachia ni kani hafifu kati ya molekuli na molekuli. Kaboni na oksijeni zake zinabaki zimeshikana vilevile. Silika haina molekuli ya kuondoka. Kila silikoni imeshikwa na oksijeni nne, kila oksijeni imeshika silikoni mbili, na mtandao huo unaenda hadi mwisho wa punje. Ukitaka kuiyeyusha, unavunja bondi kovalenti zenyewe, yaani zile ambazo atomi hushirikiana elektroni. Ndiyo maana sipendi kabisa ile kauli kwamba vitu vya kovalenti huyeyuka upesi kwa sababu bondi zao ni dhaifu. Almasi nayo ni kovalenti tupu!

Chumvi niliifanyia kwa mkono. Chukua punje kubwa ya chumvi ya mawe, weka ubavu wa wembe sambamba na uso wake, gonga kidogo. Inapasuka kwa uso bapa, kona zake mraba. Tabaka likisogea hatua moja tu, ioni (atomi zenye chaji) chanya zinakutana na chanya, hasi na hasi, zinasukumana na kitu kinaachana. Waya wa shaba ukiugonga hubonyea tu, maana elektroni zake huru ni za atomi zote, na tabaka likiteleza bado zinalishika. Magnesi oksaidi imepangika kama chumvi, ila chaji za ioni zake ni maradufu na ioni ziko karibu zaidi: chumvi huyeyuka kwenye nyuzi 801, magnesi oksaidi hupita 2,800.

Kwa grafiti, ile kaboni ya ndani ya penseli, nilichonga penseli laini ya 6B pande zote mbili, nikaiunganisha na betri na taa ndogo ya LED. Iliwaka. (Usitumie penseli ngumu ya 2H, ina udongo mwingi mno.) Grafiti imepangika kwa tabaka: kila kaboni imefunga bondi tatu, elektroni ya nne inatembea ndani ya tabaka na kupitisha umeme. Atomi jirani kwenye tabaka zimeachana nanomita 0.142, tabaka na tabaka 0.335, na hapo ndipo zinapoachia ukiandika.

Kwa metali swali langu linaishia njiani. Zebaki haigandi mpaka karibu nyuzi −39, tungsteni huyeyuka kwenye 3,422, na jedwali linaziandikia zote mbili "bondi metali". Hizo bado nafungua kitabu.