Siku moja maishani mwangu: kati ya mtu wa mbu, mtu wa takwimu na mtu wa programu

Watu wananiuliza sana kazi yangu hasa ni ipi, maana nikisema mratibu wa mradi wanadhani napanga vikao na kutuma linki basi. Nimeona niandike tu jana ilivyokwenda. Mradi wetu ni wa magonjwa yanayoenezwa na mbu, tupo tisa na hatujawahi kukaa chumba kimoja hata siku moja, kuna dada wa wadudu, mtakwimu, daktari, vijana wa programu, mama mmoja mwanaanthropolojia, yaani anachunguza maisha na desturi za watu, na wengine, kila kitu tunafanya mtandaoni.

Saa 12 asubuhi. Laptopu iko wazi, grupu limejaa meseji za usiku kwa sababu usiku wangu kwa wenzetu wengine ndio mchana. Nasoma zote, sirukagi, hata zile za "sawa" na "poa", maana mara nyingi shida imejificha ndani ya hiyo sawa. Ninachotafuta ni neno. Yaani neno ambalo watu wawili wanalitumia na kila mmoja anaamini mwenzie anamaanisha kilekile. Jana nikalikuta mapema. Dada wa wadudu kaandika: "Majibu yametoka, sampuli 40, chanya 6." Chini yake mtakwimu: "Asante dada, kwa hiyo asilimia 15." Daktari kaona, kashtuka, kaandika kama ni hivyo inabidi tuwajulishe watu wa afya leo leo. Nikasimama hapohapo. Mbu 15 katika kila 100 wawe na kirusi? Hiyo ni kubwa mno, kuna kitu.

Saa 2 nikampigia dada wa wadudu pembeni, sio kwenye grupu. Sikumuuliza "unamaanisha nini" kwa sababu mtu akiulizwa hivyo anajisikia kama anahojiwa polisi, nikamwambia dada hebu nionyeshe hapo mezani una nini. Akageuza kamera. Kibao chenye matundu, tyubu ndogo zimepangwa kila moja na lebo yake imeandikwa kwa kalamu ya wino mweusi, na ndani ya kila tyubu kuna mbu 25 waliosagwa pamoja, sio mmoja! Wanafanya hivyo kwa sababu kumpima mbu mmoja mmoja ni gharama na inakula muda. Kumbe sampuli yake ni tyubu. Sasa piga hesabu, tyubu 40 mara mbu 25 ni mbu 1,000, tyubu 6 zikitoka chanya maana yake kila moja ina walau mbu mmoja mwenye kirusi, kwa hiyo kwa uchache ni mbu 6 katika 1,000. Mwenzetu alishasoma 150 katika 1,000. Na hakuna aliyekosea kwenye fani yake! Mtakwimu kwake sampuli ni kundi zima, hao mbu wote ni sampuli moja, kwa hiyo "sampuli 40" akaisoma ni mbu 40, na daktari ukimwambia sampuli anaona damu ya mgonjwa.

Nikamwomba daktari asitume chochote kwanza. Alafu nikamwandikia mtakwimu pembeni, kaka kuna hili la tyubu, liangalie kabla ya kikao. Hapa huwa sifanyi mchezo. Ukimuumbua mtu mbele za wenzake kwa neno ambalo si la fani yake, kesho hataongea, na mtandaoni mtu akinyamaza hata humwoni usoni ujue ameumia.

Saa 4 nipo kwenye jedwali la data. Kuna tarehe imeandikwa 03/04, mmoja kaingiza akimaanisha tarehe 3 Aprili, mwingine anaisoma Machi 4, na mbu wa Machi na wa Aprili si wamoja kama mvua imeanza katikati. Tumekubaliana siku zote mwaka kwanza, alafu mwezi, alafu siku, kama kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, ISO 8601, kinavyosema, na safu nzima iwe maandishi ili programu ya jedwali isijifanye inajua. Kijana mmoja aliona nazidisha. Nikampa mfano wa watu wa jeni: jeni iliyoitwa MARCH1 ukiiandika kwenye Excel ilikuwa inageuzwa kuwa tarehe moja Machi, makosa yakaingia mpaka kwenye makala zilizochapishwa, na mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ikatangaza majina mapya, ndio leo inaitwa MARCHF1. Wamebadilisha jina la jeni kwa sababu ya jedwali! Akarekebisha safu yake bila neno.

Saa 7 mchana kikao. Muda huwa naandika kwa UTC, ile saa moja ya dunia nzima, kila mtu anabadilisha kwake, hasa mwezi wa Machi ambapo Marekani wanasogeza saa Jumapili ya pili na Ulaya wanasubiri ya mwisho, hizo wiki za katikati mkitegemea "muda uleule wa kawaida" nusu ya watu wanakuja kikao kimeisha.

Tunaanza kimya. Kweli, dakika saba kila mtu anaandika kwenye dokumenti moja ya pamoja anachojua na kinachomchanganya, hakuna kuongea. Nimejifunza kwamba wa kwanza kuongea anawavuta wote, na wa kwanza huwa ni mwenye cheo au mwenye intaneti nzuri. Alafu dada wa wadudu akaeleza tyubu zake, akashea skrini na picha. Mimi siulizi "mmeelewa?" maana jibu ni ndiyo siku zote. Namwomba mtu wa fani nyingine aseme kwa maneno yake alichosikia. Mtakwimu akarudia, akafika kwenye 6 katika 1,000 mwenyewe, akasema pia inabidi tuandike ni makadirio ya chini kwa sababu tyubu moja inaweza kuwa na mbu wawili wenye kirusi. Dada akasema haswa. Ile haswa niliipenda sana.

Saa 10 kukawa na zito zaidi. Vijana wa programu walikuwa wanahamisha kila kitu kwenye folda moja iliyo wazi kwa timu yote, kwao ni usafi wa kazi. Mama mwanaanthropolojia akakataa kabisa, mahojiano yake yana sauti za watu na aliwaahidi hazitasikilizwa na mwingine yeyote. Kijana akaona mama anaficha data, mama akaona kijana hana heshima. Nikawaweka kwenye simu ya watu watatu. Nikamwomba mama asome ile fomu ya ridhaa kwa sauti, mstari kwa mstari. Kijana akanyamaza, alafu akasema shikamoo mama, samahani, sikujua kuna ahadi, mi nilidhani ni faili tu. Tukatoka na folda mbili, na mama ataandaa muhtasari usio na majina wala kijiji. Kwangu hii ndio saa iliyokuwa na maana kuliko zote jana.

Saa 12 jioni tukagusa kidogo mpangilio wa majina kwenye makala. Watu wa hesabu wamezoea alfabeti, watu wa tiba wanajua jina la mwisho ni la mkuu wa maabara. Lazima liongelewe mapema, mtu asije akadhani kadharauliwa. Tumechukua CRediT, orodha ya majukumu 14 ya kuonyesha nani kafanya nini kwenye utafiti, kila mtu anajiwekea alama alichofanya.

Saa 3 usiku, kamusi. Tuna jedwali letu la safu nne: neno, nani analitumia, kwake lina maana gani, sisi tutaandikaje. Vekta imo humo kwa mistari mitatu, kwa watu wa hesabu ni kiasi chenye mwelekeo, kwa dada wa wadudu ni mbu mwenyewe, na kwa wa maabara ya jeni ni kibebeo cha kuingizia jeni kwenye seli. Nikaweka sampuli: kuanzia leo tunaandika tyubu, mbu, au damu, neno lenyewe halisimami peke yake.

Nilikuwa nafunga laptopu meseji ikaingia, yule kijana wa folda. "Daktari samahani kwa usiku, kwenye programu nimeandika kesi, kwako kesi ni aliyethibitishwa maabara au hata anayeshukiwa?" Sikujibu mimi. Nikasubiri. Dakika nne baadae daktari akaandika: "Swali zuri mwanangu, hata sisi wenyewe hatujaamua, kesho asubuhi tuanze na hilo." Nikafungua mstari mpya kwenye kamusi, nikaandika kesi, safu ya nne nikaiacha wazi.