Karavati lilokua likisombwa kila masika, hivi ndo tulivolimaliza

Huku Pemba njia yetu ya kushukia bonde la mpunga ilikua na karavati la bomba moja la zege, la kupitisha mto chini ya njia, masika ikipiga tu linaziba magogo na makuti, maji yanapanda juu yanaondoka na kifusi chote. Upande wa chini yamechimba shimo mpaka mdomo wa bomba unaning'inia, kambare na perege hawapandi tena (wavua ndoana walisema mapema, nani kawasikiliza).

Watu wakataka bomba la pili pembeni, mie nikakataa, membamba mawili yanaziba vilevile. Tukapima upana wa mto maji yanapojaa kingo, tena mbali na karavati maana karibu yake mto ushaharibika, tukapata mita 2. Jimbo la Washington kule Marekani wanazidisha upana huo kwa 1.2 wanaongeza futi 2, basi kwetu ikaja kama mita 3. Tukajenga boksi la zege upana huo, sakafu tukaizika chini ya kitako cha mto, ndani tukajaza mawe na mchanga wa mto wenyewe, maji yakawa yanakwenda pole kama nje na samaki wanapita.

Kila masika ikiisha chungulieni ndani, mawe yakisombwa rudishieni makubwa zaidi.