Nilivyomwandika kijakazi wa kasri na mpiga makasia wake

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Kijakazi mwaminifu wa mmoja wa mabinti wa Sayyid Said, sultani wa zamani hapa Unguja, anapendana kwa siri na mpiga makasia wa mashua za kasri. Kikundi chetu cha maigizo kilinipa kazi ya kukiandika kwa ajili ya jukwaa, na kila mtu alidhani ugumu ungekuwa kwenye mapenzi. Ugumu ulikuwa kwenye nyumba.

Msingi wangu mkubwa ulikuwa kumbukumbu za Bi Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844, akakimbilia Aden mwaka 1866 kwa sababu ya mapenzi yake na mfanyabiashara wa Kijerumani, na miaka ishirini baadaye akachapisha Ujerumani kitabu cha maisha yake. Wengi hukisoma kwa ajili ya kisa chake yeye. Mimi nilikisoma nikitafuta watu wanaopita nyuma yake wamebeba sinia. Wapo kila ukurasa, na karibu wote hawana majina.

Sasa fikiria hiyo Mtoni anayoieleza. Watu wapatao 1,000 ndani ya uzio mmoja: mke mkubwa Bi Azze binti Seif, masuria (watumwa wa kike waliokaa na bwana wao kama wake, bila ndoa), watoto, vijakazi, matowashi, wapishi, walezi. Uani kuna paa, tausi, mbuni na bata. Na katika kasri lao la mjini, Beit al-Sahil, ngazi ni mbili tu kwa nyumba nzima, na saa za msongamano mtu husimama akingoja zamu ya kupanda. Huko Mtoni mabafu yamepangwa safu moja na hayakosi watu usiku wala mchana. Wenzangu walikuwa wameshaniletea mapendekezo: wakutane bustanini, wakutane chumbani, amwandikie barua. Niliwauliza bustani gani, chumba gani, na nani amwandikie?

Hiyo ya barua niliikata kwanza. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Bi Salme alijifunza mwenyewe kwa kujificha, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ikiwa binti wa mfalme alitafuta kalamu kwa kificho, kijakazi wake ataandika kwa mkono wa nani? Akimwendea mwandishi, siri imeshakuwa na watu watatu. Kanga yenye jina nayo niliikataa, ingawa mshonaji wetu alinuna kwa hilo. Kanga za maandishi zilikuja baadaye sana, na mimi sikutaka mtazamaji mmoja mjuzi akae kitini akicheka peke yake.

Basi nikaanza upya, safari hii kwa kazi. Nilikwenda kwenye magofu ya Mtoni, nikakaa upande wa bahari palipokuwa na ile baraza kubwa ya mbao waliyoiita benjile, alipokuwa akitembea Sayyid na kunywa kahawa. Nikajiuliza swali moja tu: kijakazi huyu, tangu alfajiri hadi anapolala, anatumwa wapi? Ukijua mtumishi anatumwa wapi, umejua anaweza kumwona nani bila kuulizwa. Nikaandika orodha ya shughuli zake: kufukiza nguo udi, kutunga asumini za kichwani, kubeba buli la kahawa, kumsindikiza bibi yake mashuani wanapokwenda mjini. Hapo pa mwisho ndipo nilipopata upenyo. Ndani ya kasri wanaume na wanawake wametengwa, lakini mashua haina ukuta. Bibi amefunikwa, kijakazi amekaa karibu na wapiga makasia, na wapiga makasia huimba.

Wanavyoimba, mmoja hutoa na wengine huitika, na mtoaji ana uhuru wa kutia maneno yake. Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Nikampa kijana wangu ubeti ambao mashua nzima inausikia na mtu mmoja tu anauelewa:

Asumini ya Mtoni, harufu yanifikia,
kasia li mkononi, na maji yanizuia.

Katika mchezo mzima hawa wawili hawagusani. Mkurugenzi wetu alidhani nimemwonea haya mtazamaji. Sikumwonea. Ni kwamba kwenye nyumba ile mguso ndio uliokuwa na nafasi ndogo ya kutokea, na hatari kubwa ilikuwa kuitika wimbo kwa sauti ya juu kuliko wenzako. Kwa hiyo onyesho letu la mapenzi makali kuliko yote ni kijakazi anayeitika kwa kuchelewa kidogo, na bibi yake akageuza uso.

Lugha ilinisaidia pasipo kuiomba. Mbele ya Sayyid kilisemwa Kiarabu tu. Nyuma yake kila mtu alirudi kwenye chake, Kihabeshi, Kituruki, Kicherkesi cha wanawake waliotoka Kaukazi, na Kiswahili kikipita kote. Waigizaji wakapata mchezo mzuri hapo: kijakazi akiwa mbele ya mabwana husema maneno machache yaliyonyooka, akitoka mlangoni ulimi unalegea na mafumbo yanaanza.

Baada ya nyumba, ilibaki hiyo sifa ya uaminifu, na hapo nilikaa muda mrefu kuliko popote. "Mtumishi mwaminifu" ni sifa tamu kwa mwenye nyumba. Huyu binti hakuajiriwa, alimilikiwa. Ukimsifu kwa kutokimbia, lazima uonyeshe pia angekimbilia wapi. Kwa upande mwingine sikutaka kumfanya bibi yake jitu la kutisha, kwa sababu anayekutesa waziwazi ni rahisi kumficha jambo. Nikageuza: bibi anampenda. Anampenda kweli, wamekua pamoja, na kwa mapenzi hayo anapanga kumtunuku kwa ndugu yake awe suria.

Msomaji wa leo husikia hilo akaona adhabu. Kwa hesabu za kasri ilikuwa kupandishwa cheo. Suria aliyemzalia bwana wake hauzwi tena, na bwana akifa anakuwa huru. Mtoto wake ni huru tangu kuzaliwa, na ni sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Sayyid Said alipofariki baharini mwaka 1856 aliacha watoto 36, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa na Bi Azze. Wote mama zao ni masuria. Sayyid Majid aliyemrithi Unguja, mama yake Mcherkesi. Sayyid Barghash aliyemfuata, mama yake Mhabeshi. Kwa hiyo bibi anapomwambia kijakazi, "Nakupeleka kwa ndugu yangu," anampa mlango ambao nyuma yake kuna uhuru, vito, na pengine mwana atakayekaa kitini. Na binti huyu anataka mpiga makasia. Nilipofika hapo nilijua mchezo upo, maana siri haikuwa tena dhidi ya adui. Ilikuwa dhidi ya mtu anayemtakia mema.

Sehemu ya pili niliihamishia mjini, mwaka 1859, wakati wa fitina ya Barghash na Majid, Barghash akikitaka kiti cha nduguye. Ndugu waligawanyika, na baadhi ya mabinti wa kifalme, Bi Salme akiwa miongoni mwao, wakawa upande wa Barghash. Nyumba ya Barghash ikazingirwa na askari wa Majid. Wanawake wakaenda usiku kumwona, askari wakashindwa kuwazuia mabinti wa marehemu Sayyid, na Barghash akatoka kati yao amejifunika nguo za kike, akaenda kwenye shamba la Marseille walipokuwa wafuasi wake. Mtu angeubuni mkasa huo ningemwambia apunguze chumvi.

Mie niliuchukua kwa ajili ya taa. Wanawake wa daraja ile hawakutembea mchana. Walitoka usiku, na mbele yao watumishi wakibeba fanusi kubwa. Nikampa kijakazi wangu fanusi. Fundi wetu wa taa alifurahi sana, kwa kuwa jukwaa zima lilikuwa giza na nuru yote ikitembea mkononi mwa mtu asiye na cheo chochote. Akiinua, wanaonekana. Akishusha, hawaonekani. Usiku ule mpiga makasia wake amewekwa zamu na upande wa Majid, yuko pale pembeni mwa njia. Anamtambua kwa mwendo. Anaona pia kwamba mmoja wa "wanawake" wale ni mrefu mno. Yeye kijakazi anajua kwamba neno moja lake, kwa upande wowote, lina bei: angeweza kununua uhuru wake kwa askari. Anashusha fanusi na kupita. Kijana naye ananyamaza. Hatukutia hata mstari wa maneno pale. Mpiga ngoma alitaka kuingia nikamzuia.

Je, ule ni uaminifu kwa bibi, au alikuwa anamlinda kijana asije akaamriwa kupiga? Niliandika ili yote mawili yawezekane, na mwigizaji aliniomba nimwambie lipi ni la kweli. Sikumwambia. Aliigiza vizuri zaidi akiwa amenikasirikia.

Onyesho la kukiri niliandika na kulichana mara nyingi. Kila nilipowaweka uso kwa uso lilinukia tamthilia ya televisheni, machozi na "siwezi kuishi bila yeye". Nikakumbuka kwamba mtumishi na bibi yake hawakai wakitazamana. Mmoja yuko nyuma ya mwenzake, mikono kazini. Basi anamchana nywele.

"Ndugu yangu amekubali. Utahamia kwake."
"Bibi akisema, ndiyo hivyo."
"Mbona husemi ahsante?"
"Ahsante, bibi."
"Chanuo limekwama?"
"Si chanuo, bibi. Mkono."

Hapo bibi anaelewa, na anataja ule wimbo wa mashuani. Kumbe aliugangua zamani. Bi mkubwa aliyeigiza nafasi hiyo, ambaye ana umri wa kuwa mama yangu, alitaka bibi akasirike. Akaniambia, "Mwanangu, mtu uliyempa ufunguo akautupa chini, humchekei." Nilimsikiliza. Akakasirika kidogo, kwa sauti ya chini, na onyesho likapata uzito uliokuwa umepungua.

Mwisho nao ulitaka sheria kuliko machozi. Kijakazi haolewi bila ruhusa ya anayemmiliki. Bibi anatoa ruhusa, ila hamwachi huru, na mtoto wa kijakazi aliyezaliwa na mwanamume asiyekuwa bwana wake hufuata hali ya mama. Kwa hiyo kwa kumchagua mpiga makasia, msichana wangu anabadilisha mtoto ambaye angekuwa huru kwa mtoto atakayemilikiwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe ukapoteza nguvu ya kisheria 1897. Wale wa 1859 hawakuwa na hiyo kalenda mkononi. Nilimfanya bibi aliseme jambo hilo waziwazi, kwa upole kabisa: "Watoto wako watakuwa wangu. Unalijua hilo?" Na kijakazi anajibu, "Nalijua, bibi," kisha anarudi kumchana.

Wenzangu waliomba nimwandikie barua ya uhuru. Ilikuwepo kweli desturi ya kuwaacha watumwa huru, kwa thawabu au kwa wasia, hivyo isingekuwa uongo. Nilikataa kwa sababu ya mchezo, si kwa sababu ya historia: bibi angetoka amesafishika mno, na watu wangerudi nyumbani wakimpenda yeye.

Seti tuliifanya nyepesi. Beit al-Sahil ya zama zile haipo tena kuitazama. Mizinga ya Waingereza iliipiga tarehe 27 Agosti 1896 katika vita visivyofika saa moja, na jengo la kasri tunaloliona leo pale pwani ni la baada ya hapo. Tukatundika ngazi moja tu katikati ya jukwaa, na kila mhusika lazima apite hapo. Waigizaji waligongana, walilaumiana, na baada ya muda wakaanza kupishana kama watu waliozaliwa humo ndani.

Usiku wa kwanza, bibi alipotoa ruhusa, mama mmoja wa safu ya mbele aliuliza kwa sauti, "Na mahari?" Watu wakacheka, lakini swali lilikuwa zito, kwani mahari ya kijakazi huingia kwa anayemmiliki. Kesho yake niliongeza jibu. Mpiga makasia anakuja mlangoni na kifuko chake cha fedha, kijakazi anakipokea, anakitia mkononi mwa bibi. Bibi anahesabu. Mwigizaji wetu aliamua mwenyewe kuhesabu hadi mwisho, taratibu, sarafu kwa sarafu, na yule mama alikuwa amerudi na wenzake, wakaguna safu nzima.