Nilivyotambua kwa nini saitokromu c yangu ilikataa elektroni

Kwa siku tatu nilikuwa na kioevu cha rangi ya kahawia nyekundu ambacho kilitakiwa kugeuka waridi, nacho hakikugeuka. Ilikuwa saitokromu c ya moyo wa farasi, protini ndogo yenye asidi amino 104, ambayo ndani ya mitokondria hupokea elektroni kutoka kimeng'enya kimoja na kuikabidhi kwa kingine, saitokromu c oksidesi, kinachozitumia elektroni hizo kuigeuza oksijeni kuwa maji. Zoezi lenyewe lilionekana jepesi: niongeze askobati, yaani chumvi ya vitamini C, kisha nifuatilie kwa spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa, kilele cha nanomita 550, ambacho hupanda kadiri chuma kilicho katikati ya himu, sehemu ya protini inayoipa rangi, kinavyopokea elektroni. Mstari ulibaki bapa.

Nilianza kwa kuilaumu askobati, kwa kuwa huharibiwa na hewa, nikatengeneza mpya mara mbili bila mafanikio. Kisha nikadondosha punje chache za dithioniti ya sodiamu, ambayo hutoa elektroni kwa nguvu zaidi, na rangi ikageuka papo hapo. Basi chuma kiliweza kupokea elektroni. Kilichoshindikana ni kuipokea kutoka kwa askobati. Hapo nikaacha kukitazama chuma peke yake, nikaanza kuchunguza kilichokizunguka.

Katika protini hii, himu imefungwa kwenye asidi amino mbili za aina ya sisteini, za nafasi ya 14 na ya 17, huku chuma kikishikwa upande mmoja na histidini ya 18 na upande wa pili na salfa ya metionini ya 80. Salfa hiyo hukipendelea chuma kilichokwisha kupokea elektroni, na himu imefukiwa miongoni mwa asidi amino zisizopenda maji. Kwa pamoja mambo hayo huiinua potensheli ya chuma, yaani kipimo cha mvuto wake kwa elektroni, hadi takriban milivolti 260, kiwango kinachoiwezesha askobati kukipa elektroni. Kifungo cha salfa na chuma kina alama yake, ufyonzaji hafifu wa mwanga kwenye nanomita 695 wakati chuma bado hakijapokea elektroni. Sampuli zangu zilikuwa nyembamba mno kuionyesha, kwa hiyo nilitengeneza nyingine nzito zaidi kwa mara nyingi. Alama haikuwapo.

Nilipochovya kipima pH ndani ya bafa, yaani mmumunyo wa kudhibiti pH ulioyeyushia protini, kilisoma zaidi ya 10. Nilikuwa nimeyeyusha Tris, besi inayotengenezea bafa hiyo, nikasahau kuongeza asidi ya haidrokloriki, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Katika pH ya 9 na kuendelea, laisini, asidi amino nyingine iliyo jirani, hupoteza protoni, huiondoa metionini na kukaa mahali pake, na potensheli huporomoka hadi chini ya sifuri. Protini haikuwa imefumuka. Sehemu kubwa ya umbo lake ilikuwa ileile, ila mshikaji mmoja wa chuma alikuwa amebadilishwa. Kilichonichelewesha kuamini ni kwamba alkali huifanya askobati iwe tayari zaidi kutoa elektroni, kwa hiyo nilitarajia mwitikio uende kasi, si usimame.

Nakiri kwamba jioni moja nzima niliitumia kupima umbali kwenye mchoro wa protini. Nilikuwa nimekariri nadharia ya uhamaji wa elektroni ya mwanakemia Rudolph Marcus, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1992, pamoja na kanuni kwamba ndani ya protini kasi ya elektroni kuruka hupungua takriban mara kumi kwa kila nanomita 0.2 zinazoongezeka, ndiyo maana vimeng'enya vingi hupanga vituo vyao vya elektroni ndani ya nanomita 1.4. Yote ni kweli, lakini tatizo langu halikuwa la umbali.

Nilirudisha pH hadi 7, alama ya 695 ikajitokeza tena, na baada ya kuongeza askobati kilele cha 550 kikapanda. Nilipoongeza chumvi ya kawaida, mwitikio ulipungua kasi, kwa sababu ukingo wa himu ulio wazi umezungukwa na laisini zenye chaji chanya zinazoivuta askobati yenye chaji hasi, na chumvi huufunika mvuto huo. Laisini hizohizo ndizo zinazoielekeza saitokromu c kwenye oksidesi. Siku hizi hupima 695 kabla sijafungua chupa ya askobati.