Nilivyohamishia hesabu za duka kwenye wingu bila kuvuruga salio

Duka ni la vifaa vya ujenzi, limesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), na hesabu zake zote zilikuwa kwenye Excel ya kompyuta moja. Programu ya wingu, yaani ile inayotumika kupitia intaneti, haikunisumbua kuchagua: QuickBooks Online, Zoho Books na Xero zote zinamudu duka la namna hii. Kazi yenyewe iko kwenye salio la kuanzia, yaani kiasi kilichomo kwenye kila akaunti siku mfumo mpya unapoanza.

Nilikata hesabu tarehe 31 Desemba. Duka lilipofungwa tukahesabu stoo, kisha nikachapisha urari wa siku hiyo, yaani orodha ya masalio ya akaunti zote. Miamala ya miaka ya nyuma sikuihamisha. Nilichukua orodha ya wateja, wauzaji wanaotuletea mzigo na bidhaa, masalio, na ankara ambazo hazijalipwa, basi. Faili la zamani nililifunga lisihaririwe na nakala yake ikaenda kwenye diski ya nje, maana sheria ya kodi Tanzania inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano.

Kabla ya kupakia CSV (faili la jedwali ambalo mfumo mpya unalisoma), kagua tarehe. Mfumo uliowekwa mpangilio wa Kimarekani husoma 03/04 kuwa Machi 4 badala ya Aprili 3. Tarehe kama 25/04 mfumo utaikataa, kwa hiyo utashtuka; ile ya 03/04 mfumo utaipokea kimyakimya, na deni litaonekana limechelewa mwezi mzima. Niliandika zote kwa mtindo wa 2025-04-03. Namba za simu nazo hupoteza sifuri ya mbele. Safu igeuzwe kuwa maandishi, na ukishahifadhi CSV usiifungue tena kwa Excel, sifuri itaondoka upya.

Ankara za zamani ndizo zinazoharibu hesabu za wengi. Mteja anadaiwa 1,180,000, yaani bidhaa 1,000,000 na VAT 180,000. Ukiiingiza kama ankara ya kawaida, mfumo unaihesabu kuwa mauzo mapya na VAT mpya, wakati kodi hiyo ulishaitolea ritani (taarifa ya kodi). Mimi niliingiza 1,180,000 nzima bila msimbo wa VAT, kwa tarehe yake halisi, ikielekezwa kwenye Salio la Kuanzia, akaunti ya kupitishia masalio ya zamani tu, badala ya Mauzo. Wauzaji wanaotudai, vivyo hivyo. Ukishafanya hivyo, usiweke tena jumla ya wadaiwa kwenye jedwali la masalio, itajirudia. Stoo nayo ni hivyo hivyo: ukipakia bidhaa pamoja na idadi na gharama, thamani inaandikwa yenyewe. Mtaji na faida ya nyuma vikishaingia, Salio la Kuanzia lazima lisome sifuri. Likibaki hata na shilingi 40, itafute. Hiyo 40 inaweza kuwa tofauti ya makosa mawili makubwa.

Kila laini ya pesa za simu niliifungulia akaunti yake kama benki, na makato yake yanaandikwa kama gharama. Ukiandika kilichobaki tu baada ya makato, mauzo hayatalingana na mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. Kila jioni Z ripoti, yaani jumla ya siku inayotolewa na mashine hiyo, inalinganishwa na mauzo ya mfumo.

Kuhusu funguo: akaunti kuu iko kwenye barua pepe ya mwenye duka, si ya mhasibu, kwa sababu mhasibu akiondoka ataondoka na mlango. Kila mtu ana jina lake la kuingilia, na muuzaji wa dukani hawezi kufuta muamala wala kuona benki. Uthibitisho wa pili, msimbo unaoombwa baada ya nywila, unatoka kwenye programu ya simu, si SMS. Laini ikihamishwa na tapeli, SMS zote zinamwendea yeye. Misimbo ya dharura, ya kuingilia simu ikipotea, imechapishwa na iko kwenye sefu. Mwezi ukishalinganishwa na benki, unafungwa kwa nywila.

Mwezi wa kwanza Excel iliendelea kuandikwa sambamba, ikaachwa urari zote mbili zilipolingana. Sasa kila mwisho wa mwezi natoa leja, urari na orodha ya wadaiwa kwa CSV na PDF, naweka kwenye diski ya nje. Ada ya mfumo ikichelewa, mtoa huduma anaweza kuzuia usiandike chochote, lakini orodha ya wadaiwa unayo mkononi.