Siku moja na mstari mmoja wa cron, Chake Chake

Saa 1 asubuhi. Chai ya rangi na chapati, laptopu ishawashwa, meseji ya maalim mmoja wa Wete anaesimamia kompyuta za skuli yao: "Dada, mbona bekapu inapiga wiki nzima na mie nimeiweka Ijumaa ya kwanza ya mwezi tu?" Katuma na mstari wake wa cron, ile programu inayoendesha kazi kwa ratiba: 30 4 1-7 * 5, yaani dakika ya 30, saa 4 alfajiri kwa saa za kizungu, tarehe 1 mpaka 7, kila mwezi, siku ya 5 ya wiki ambayo ni Ijumaa.

Saa 2 nikafungua maelezo ya ile programu huria ya bekapu, mie huwa nasaidia kuyahariri. Yanasema kazi itafanyika "tarehe na siku ya wiki utakazotaja". Maalim kasoma kama angesoma mtu yeyote, iwe tarehe 1 mpaka 7 na iwe Ijumaa. Kumbe cron ukijaza sehemu zote mbili inatosheka na mojawapo.

Saa 4, seva ya majaribio, nasogeza kalenda ya Januari 2025. Ikapiga tarehe 1 mpaka 7, halafu 10, 17, 24 na 31. Siku 11, mtu kataka moja! Na programu imeambiwa ihifadhi nakala 12, kwa hivyo maalim anadhani ana data za mwaka mzima na alizonazo ni za mwezi na kitu. Hapa ndo roho iliponiuma hasa.

Adhuhuri nikasali, nikala, nikaandika: "Ukijaza zote mbili, kazi itafanyika siku yoyote inayolingana na mojawapo. Ukiweka nyota kwenye moja, itafuatwa ile nyengine." Chini yake nikaweka ile Januari yote, maana tarehe zikionekana hakuna wa kubishana.

Saa 10 jioni mkaguzi wa Ujerumani akasema haya yamo kwenye maelezo yenyewe ya crontab, faili linaloandikwa mistari ya cron. Ni kweli yamo, lakini anaesoma ukurasa wetu anaishia hapo hapo, nikamueleza habari ya zile nakala 12 akakubali, akataka niongeze na njia sahihi: siku ya wiki weka nyota, Ijumaa iulizwe ndani ya amri kwa date +\%u, inayotoa namba ya siku ya wiki, jibu likiwa 5 ndo iendelee. Ile \ isisahaulike, cron ikiona % peke yake inaikata amri pale pale.

Saa 2 usiku hariri yangu imepokelewa, maalim kesharekebisha. Kesho naingia kwenye saa, maana ukurasa hausemi 4:30 ya wapi, na seva ikiwa UTC, saa ya dunia iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, basi kwetu hapa ni saa 1 na nusu asubuhi, watoto washaingia darasani.