Siku niliyofukua haibiskasi

Jumamosi ile ya Mei 18, 2019 nilikuwa nimefunga, na hapa Columbus, Ohio, mwezi Mei jua halizami mpaka saa mbili na dakika arobaini usiku. Mwenye akili zake angelala mchana kutwa. Mimi nilichukua sepetu nikaenda bustanini kufukua maiti.

Maiti zenyewe zilikuwa tatu: mashina ya haibiskasi, makavu kama makuti, yanavunjika kwa kidole. Kila kitu kingine kilikuwa kimeshaamka. Maua ya manjano ya mwanzo wa msimu yalishachanua na kunyauka, nyasi zilishakatwa mara tatu, na hata mti wa jirani wa mbele, ambao mwaka mzima huonekana mgonjwa, ulikuwa na majani. Mashina yangu yalikuwa vilevile yalivyokuwa Desemba. "Mama Salma," mume wangu alikuwa ameniuliza wiki hiyo, "hivyo vijiti unavimwagilia maji vya nini?"

Haibiskasi si ua geni kwangu. Kwetu Pangani nimekulia ndani ya ua wa haibiskasi nyekundu, yaani ua uliokuwa maua. Pakitokea pengo, mama alikata tawi, akalichomeka mchangani masika yakianza, akaenda zake. Anayetaka kupanda kwake anaomba tawi. Mbegu ya haibiskasi sikuwahi kuiona wala kusikia mtu akiitafuta.

Hii ya Ohio ni ya ukoo uleule, tabia mbali. Wataalamu wanaiita Hibiscus moscheutos, na ni mwenyeji wa hukuhuku Amerika Kaskazini. Inaota yenyewe kwenye vinamasi, hata kule juu kando ya Ziwa Erie. Mbegu zake nilipewa na bibi jirani, Mmarekani mjane, mwezi Oktoba 2017. Alinipitishia juu ya uzio matunda matano makavu, akasema, "Huyu ndiye wa mwisho kuamka. Usimsumbue." Nikapasua moja, nikacheka peke yangu. Vyumba vitano, vimbegu vya duara vimejipanga: bamia tupu! Bamia iliyosahauliwa shambani mpaka ikakauka.

Februari 2018 nilipanda mbegu ishirini kwenye vikombe vya mtindi, nikavipanga dirishani. Wiki tatu, mche mmoja. Nilipomweleza bibi, aliingia gereji akatoka na kipande cha msasa. Ganda lile ni gumu, maji hayapiti, kwa hiyo unaishika mbegu moja moja na kuisugua ubavuni mpaka weupe uchungulie, bila kufika kwenye kiini. Kisha unailoweka usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu. Ijaribu kazi hiyo kwa kitu kidogo kuliko punje ya mtama uone utakachobaki nacho kwenye ncha za vidole. Salma, aliyekuwa na miaka saba, alinishinda. Vidole vyake vilikuwa saizi ya kazi.

Safari hii vikombe niliviweka juu ya friji, penye joto, nimevifunika plastiki. Siku ya sita miche ilikuwa imeinua vichwa. Halafu nikaanza kuiua. Nilisikia ni mmea wa kinamasi, basi nikawa nainywesha asubuhi na jioni, na kila nikiamka nakuta mmoja umelala, shina limeoza usawa wa udongo. Mwisho wa Mei, hofu ya jalidi ilipokwisha, nilikuwa na mitatu ya kupanda nje, kwenye kona ya bondeni ambapo bomba la paa linamwaga maji.

Ilinifika kiunoni mwaka huohuo. Mwanzoni mwa Septemba mmoja ulitoa ua, moja tu, nami nilikuwa kazini zamu mbili mfululizo. Ua la haibiskasi hii huishi siku moja. Niliporudi lilikuwa limejisokota kama kitambaa kilichokamuliwa. Picha ipo, aliipiga Baba Salma: nusu ua, nusu kidole chake.

Novemba bibi alihamia kwa mwanawe, jimbo jingine, na nyumba yake ikabandikwa kibao cha kuuzwa. Mwisho wa Januari ukashuka ule ubaridi kutoka ncha ya kaskazini, shule zikafungwa, mlango wa gari ukagoma kufunguka. Nilijua kwamba haibiskasi hii hufa juu ikabaki hai chini, bibi alinieleza. Lakini mimi ni mtu wa Pangani. Kichwa kinakubali habari za mzizi unaolala chini ya barafu miezi mitano, moyo unasema hicho ni kijiti.

Basi Jumamosi ile nikaanza na wa kwanza. Nilikanyaga sepetu kwa nguvu, ikapita kitu chini kwa mlio ninaoujua, mlio wa panga kwenye muhogo. Hilo lingetosha kunishtua, maana kilichokufa huwa hakikatiki hivyo. Kiu ilikuwa imenikaba na nilitaka kumaliza. Nikang'oa, nikatupa kwenye mfuko wa karatasi wa taka za bustani.

Wa pili ulitoka na bonge lake zima la udongo. Nikaugonga ubavuni mwa sepetu ili udongo udondoke, na pale mashina yanapokutana na mzizi, vidole viwili chini ya usawa wa ardhi, nikaona vichipukizi. Vinene, vyeupe vyenye wekundu, saizi ya ncha ya kidole cha Salma. Sita au saba. Vilikuwa njiani kupanda juu.

Nilikaa chini palepale kwenye matope. Usimsumbue. Miaka yote miwili nilidhani bibi alikuwa akizungumzia mbegu.

Kisha nikaumwaga mfuko mzima kwenye nyasi. Wa kwanza sepetu ilikuwa imeupasua katikati: kipande kimoja kina vichipukizi viwili, kingine hakina hata kimoja. Nilivirudisha vyote ardhini, pamoja na wa pili, nikavimwagia ndoo ya maji huku mate yamenikauka kinywani. Baba Salma alikuwa amesimama dirishani. Hakuuliza. Jioni nilifuturu na udongo kwenye kucha, na tende ya kwanza ilikuwa na mchanga.

Wa tatu, ambao sikuugusa, ulitokeza Idi ikipita. Wa pili ukafuata wiki mbili baadaye, umenuna. Kile kipande chenye vichipukizi viwili kilitoa shina moja jembamba, na lile pengo la mwenzake nikalipanda nyanya. Wakati huo wenye nyumba wapya upande wa pili wa uzio walikuwa wameshafukua kila kitu cha bibi na kutandika nyasi. Siwalaumu. Nao waliona vijiti.

Ua lilifunguka siku ambayo sikuwa na zamu, mwanzoni mwa Agosti, kwenye mmea wa tatu. Nilikwenda jikoni nikachukua sahani ya kulia wali, nikaipima: zimelingana. Jeupe, moyoni wekundu wa damu ya mzee. Saa tatu asubuhi yetu ni saa kumi jioni Pangani, kwa hiyo nikampigia mama, nikaigeuza simu aone.

"Bamia yenu mbona kubwa hivyo?"

"Si bamia, mama. Haibiskasi. Ilikuwa chini ya theluji."

Akasogeza uso karibu na simu mpaka nikaona paji lake tu. Alikaa kimya kwa muda.

"Haya," akasema. "Na mlenda wake mmeshaujaribu?"